Jumanne Baada ya Pasaka

Jumatatu, 3 Machi 2003

Nimekuta mawe ya mpaka yamepakwa rangi nyekundu. Moja liko karibu na choo cha watoto, jingine chini ya bembea, na jingine katikati kabisa ya mahali tunapofanyia paredi asubuhi. Rangi yenyewe ilikuwa bado mbichi. Mtoto mmoja, Mutheu, ameikalia, sketi imeharibika, na najua kesho mamake atanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeshika brashi.

Hakuna aliyeona mtu. Waithaka hii, mahali ukinunua mafuta ya taa jirani anajua umepima kiasi gani, eti hakuna aliyeona mtu! Nimemuuliza Balwant Singh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi lililopakana na chekechea yangu. Amesema, "Mwalimu, mimi nafungua saa mbili. Nimekuta ziko hivyo tu, kama wewe." Sawa. Lakini hapa kwetu rangi nyekundu inauzwa wapi kama si kwake? Sikumuuliza hilo. Nimeliweka moyoni.

Naanza kuandika humu ili siku mtu akiniambia sikusema, nimfungulie ukurasa.

Alhamisi, 6 Machi

Maureen amekuja kumchukua mwanawe nikamwonyesha mawe. Maureen ni karani kwa wakili mmoja huko mjini, na akili yake hukimbia kuliko mdomo wake, jambo ambalo si kawaida kwa wasichana wa siku hizi.

"Mwalimu, hii ploti ni ya nani?"

"Ni ya umma. Diwani alitwambia mwaka wa sabini na tisa. Alisimama hapo kwenye bembea, akasema imetengwa kwa chekechea na mjini imeandikwa hivyo."

"Na karatasi iko wapi?"

Mwaka huo nani angemdai diwani karatasi? Sisi kina mama wa kanisa tulipiga vigelegele, tukachanga mabati, tukaanza kufundisha. Nimefundisha hapa mpaka wale wa kwanza wananiletea watoto wao.

"Hiyo maneno ya diwani haina kazi kortini," Maureen akasema. "Lakini huko mjini lazima kuna faili ya hii ploti. Ukipata nakala ya ramani, ile iko na muhuri na sahihi ya mkubwa, wakili wangu ataenda kortini siku hiyo hiyo kuomba wazuiwe. Bila hiyo, jaji hatatusikiza. Na ujue watangoja shule zifungwe. Hakuna mtu hubomoa watoto wakiwa ndani."

Shule zinafungwa Aprili. Kwa hivyo nina mwezi huu na kipande cha ule mwingine, nipate nakala, ama nipoteze chekechea.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwachia msaidizi wangu watoto nikaenda mjini. Ofisi yenyewe sitaitaja jina, maana sijui daftari hili litasomwa na nani.

Mlangoni wamebandika tangazo jipya: HAPA HATUPOKEI RUSHWA. Bado linanuka gundi. Chini yake kuna sanduku la malalamishi lenye kufuli. Tangu serikali mpya iingie, kila ofisi imejipamba hivyo. Nilisoma tangazo mara mbili nikashika mkoba wangu vizuri.

Masijala iko orofa ya chini. Kaunta ina makarani wawili wanaokaa bega kwa bega: kijana mmoja aliyevaa tai, asiyeinua macho kwenye gazeti, na mzee mmoja mwenye sweta ya kahawia anayeitwa Masila. Jina la kwetu. Nikafurahi kidogo, halafu nikajikanya. Mtu wa kwenu ndiye anayejua pa kukushika.

"Naomba kuona faili ya ploti ya chekechea ya Waithaka," nikasema, nikampa namba.

"Kuona kwa nini, Mwalimu?"

Ala! Sikuwa nimemwambia mimi ni mwalimu. Akasema ameona chaki kwenye mkono wa koti langu. Labda. Nikamweleza mambo ya mawe, rangi, watoto, wakili, yote. Alisikiliza huku akitazama kaunta. Kijana wa tai aliacha kugeuza kurasa.

Masila akaingia ndani, akakaa sana, akarudi mikono mitupu.

"Faili haionekani."

"Haionekani vipi? Ni sindano?"

"Haionekani kwa sasa. Kuja siku ingine."

Jumanne, 11 Machi

Hakuna la maana. Mbu wengi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi kwa Masila. Haionekani.

Safari hii nilikuja nimejitayarisha. Nilikuwa nimefunga kitu kidogo ndani ya leso, nikaiweka kaunta karibu na mkono wake, nikatazama ukuta. Kila mtu Nairobi anajua mwendo huu. Unaweka, unatazama ukuta, ukirudisha macho leso imekuwa nyepesi na faili imekumbuka njia ya kurudi nyumbani.

Nilitazama ukuta mpaka nikaumwa shingo. Niliporudisha macho, leso ilikuwa pale pale.

"Mwalimu, umesahau kitambaa chako," Masila akasema.

Nimemweleza mume wangu Muthama jioni. Yeye anafanya kazi machinjioni Dagoretti, anarudi amechoka, anakula, anasikiliza nusu.

"Si uzuri hajachukua?" akasema.

"Uzuri gani, Baba Nzuki? Mtu akikataa chai ni kwa sababu ameshakunywa kwingine, tena akashiba! Huyu amelipwa na mwenye rangi nyekundu."

"Mama Nzuki, wewe unashuku hata chumvi."

Kweli nashuku chumvi. Ile ya dukani wiki iliyopita ilikuwa na mchanga.

Jumatano, 19 Machi

Nimeenda. Haionekani. Kijana wa tai ameniuliza, kwa upole mwingi mno, jina la wakili wetu. Nikamwambia nimesahau. Masila alikohoa.

Jumamosi, 22 Machi

Haki ya Mungu, nimemwona kwa macho yangu!

Nilikuwa natoka Kenyatta Market kusukwa nywele. Nimeshuka matatu pale juu, nimetembea polepole nisiharibu viatu, na kufika karibu na duka la Balwant namwona nani? Masila. Sweta ile ile ya kahawia, Jumamosi, Waithaka, ambako hajawahi kuniambia ana mtu. Amesimama mlangoni na Balwant. Balwant ananyoosha mkono kuelekea chekechea yangu, anaeleza, na Masila anatingisha kichwa. Halafu Masila akatembea mpaka kwenye ua wetu, akachungulia madarasa, akagusa jiwe kwa ncha ya kiatu.

Nilijificha nyuma ya kibanda cha makaa. Mimi, mwanamke mzima, nywele mpya, nimejificha nyuma ya makaa!

Sasa mambo yamejipanga. Balwant anataka kupanua duka. Masila anaficha faili. Mmoja ananunua, mwingine anafunga mlango. Na ile rangi imetoka rafu ya Balwant, hilo sitaki hata kuambiwa.

Nimemsalimia Balwant jioni kama kawaida. Akanipa kalenda ya duka lake kwa ajili ya darasa. Nimeitundika ikitazama ukuta.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza leo, ile ya kweli. Mabati yanapiga kelele, watoto wanaimba kwa nguvu wasikike, mimi napiga kelele kuliko wote.

Mchana nimeenda mjini nikiwa nimelowa mpaka kwenye mkoba. Kijana wa tai hakuwepo, ameenda kula. Masila alitazama mlango, akatazama tena, akainama.

"Mwalimu, kuja Jumanne baada ya Pasaka."

"Kwa nini Jumanne?"

"Jumatatu ni sikukuu. Jumanne, asubuhi mapema. Si kabla."

"Shule zitakuwa zimefungwa! Watakuwa wamebomoa!"

"Wanangoja wiki ya mwisho ya mwezi. Kuja Jumanne."

Na yeye amejuaje wanangoja wiki ya mwisho ya mwezi? Nilitaka kumuuliza, lakini kijana wa tai aliingia akijifuta mdomo, na Masila akanyanyua sauti: "Nimekwambia haionekani, mama! Wacha kusumbua ofisi!"

Watu wote kwenye foleni walinitazama. Nimetukanwa mbele za watu na mtu asiyetaka hata pesa zangu. Nimelia njiani, mvua ikanisaidia kuficha.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Choo kimejaa maji.

Alhamisi, 3 Aprili

Pajero nyeupe imesimama mbele ya lango wakati wa uji. Ndani alikuwemo bwana mwenye kofia na mwingine nyuma ambaye sikumwona uso. Walifungua kioo kidogo, wakatazama, wakafunga. Hawakushuka kwa sababu ya matope. Mmoja wa watoto aliwapungia mkono, nikamkemea, halafu nikajuta. Mtoto hana kosa kumpungia mtu.

Wazazi wananiuliza kila siku nimefika wapi. Nawaambia ninafuatilia. Neno gani hilo, kufuatilia! Ni kwenda na kurudi tu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeiona.

Kesho kutwa tunafunga shule, kwa hivyo leo nimejaribu mara ya mwisho. Nilifika saa ya chakula. Kijana wa tai alikuwepo, anapiga simu. Masila alikuwa anakula chapati yake kwenye kaunta, na baridi ilikuwa kali, akafungua droo ya chini kutoa sweta nyingine aivae juu ya ile. Mimi ni mrefu. Nimeinama kidogo tu, na chini ya sweta nikaona faili ya rangi ya udongo, na juu yake namba ambayo nimeikariri kuliko Baba Yetu.

Ni faili yetu! Iko kwenye droo yake, chini ya sweta yake!

Aliinua macho akaona nimeona. Akafunga droo kwa goti, akatafuna, akameza.

"Faili haionekani, mama," akasema. Kwa sauti, mbele ya mwenzake.

Sijui nilitokaje mle. Nilikuwa tayari kumsamehe mtu mvivu. Nilikuwa tayari kumsamehe mlafi. Lakini mtu anakutazama machoni, chapati mdomoni, anakudanganya na ushahidi uko kwenye magoti yake! Amenihesabu mjinga kabisa.

Alhamisi, 10 Aprili

Muthama amesema ningoje hiyo Jumanne yake. "Ni wiki moja na kitu, Mama Nzuki. Amekwambia siku. Mtu akitaka kukuzungusha hakwambii siku."

Nikamwambia yeye abaki na ng'ombe wake, mambo ya ofisi aniachie.

Nimeandika barua. Nimeiandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa ubaoni. Nimetaja jina lake, kaunta yake, droo ya chini, sweta, namba ya faili, tarehe na saa. Nimesema nchi imebadilika na sisi wananchi hatutanyamaza tena. Nikaweka sahihi, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya duka la jirani. Kisha nikapanda mjini nikaitumbukiza kwenye lile sanduku la mlangoni, chini ya tangazo. Ilipogonga chini nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu Desemba, tulipobadilisha serikali.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumefunga shule. Watoto wameimba. Nimewaambia tutaonana Mei, hapa hapa.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikutegemea wafungue sanduku haraka vile. Walinipigia simu kwa duka la jirani asubuhi, niende.

Mkubwa wa ofisi mwenyewe alishuka kutoka orofa ya pili. Bwana mnene, msafi, mwenye harufu ya sabuni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, watu kama wewe ndio tunaohitaji," akasema. Pamoja naye walikuwa askari wa mlangoni na mama mmoja mwembamba mwenye miwani, naibu wake, anaitwa Nanyama, ambaye hakunisalimia wala kunitazama.

Wakaenda kwenye kaunta. Mkubwa akasema, "Masila, fungua droo."

Masila hakubisha. Alifungua ya juu. Kalamu, chai ya majani, dawa za kifua.

"Ya chini."

Hapo alinitazama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, hata kwa matusi. Lakini alinitazama vile mtoto hunitazama nikimchapa kwa kosa la mwenzake. Akafungua. Mkubwa akainua sweta kwa vidole viwili, akatoa faili, akaifungua. Na mimi nikachungulia. Nimeiona ramani! Nimeona ploti yetu imepakwa rangi ya manjano, na maneno juu yake: shule ya watoto. Nikapiga kelele, "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo!"

"Nipe nakala basi," nikasema.

"Utapata, Mwalimu. Kwanza iende juu, iandikishwe vizuri, iwe salama. Imekaa mahali pabaya." Akaiweka kwapani. Kijana wa tai akamfungulia mlango.

Masila aliambiwa akusanye vitu vyake aende nyumbani mpaka aitwe. Alikunja sweta. Mimi nilikuwa nimesimama pale kama bibi harusi, watu wa foleni wananipongeza. Mama mmoja alinikumbatia.

Nimenunua nyama ya kuchoma Kenyatta Market nikampelekea Muthama. Alikula. Alipomaliza akaenda kulala.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kanisani mchungaji amenisimamisha, wamenipigia makofi.

Jumanne, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Nilienda kuchukua nakala. Nilipanda mpaka orofa ya pili, ofisi ya mkubwa. Imefungwa. Katibu akasema mkubwa ameanza likizo yake ya mwaka, ameenda kwao mpaka Mei, na kaimu wake ni Bi Nanyama, mlango wa pili.

Nanyama alikuwa amekaa na muhuri mbele yake. Muhuri wenyewe, pamoja na wino. Alivua miwani.

"Wewe ndiye Mwalimu Nthenya."

"Ndiye mimi. Nimekuja kuchukua nakala yangu."

"Nilikuwa nimepanga kukupa leo. Leo hii, saa hii. Masila aliniambia tangu mwezi wa tatu kwamba utakuja Jumanne baada ya Pasaka asubuhi, na mimi nikamwambia nitaweka sahihi. Mkubwa akiwa likizo, sahihi yangu ni halali. Akiwa hapa, hakuna nakala ya ploti hiyo inayotoka. Sasa nipe faili nikuwekee muhuri."

"Faili anayo mkubwa. Aliichukua mbele yako!"

"Ndiyo. Aliichukua mbele yangu."

Nikakaa bila kuambiwa. Akaniambia polepole, vile ninavyomwambia mtoto aliyeanza juzi. Katika ofisi hii, faili ya ploti nzuri ikipanda orofa ya pili haishuki. Masila amekaa masijala miaka mingi, amezishuhudia zikipanda, na husikia yanayopangwa juu. Kwa hivyo anapoona mtu ameanza kuuliza uliza ploti ya umma, yeye huitoa kwenye rafu kabla haijaitwa juu, anaificha, na anawaambia watu wote haionekani. Watu wote. Mwenye ploti na mwizi wa ploti wanajibiwa neno moja. Juu wakiitaka, haionekani. Wamemtumia maonyo kwa uzembe, amekubali aitwe mzembe. Halafu anangoja siku Nanyama amekaimu.

"Kwa nini hakuniambia?" nikasema.

"Akwambie wapi? Pale kaunta, na yule kijana kando yake anayepeleka kila neno juu? Mwalimu, siku ya kwanza ulieleza habari ya wakili wako mpaka sisi wa orofa ya pili tukasikia. Unaongea kama uko mbele ya darasa. Alikwambia siku. Aliona hiyo inatosha."

"Alikuja Waithaka. Nilimwona na Balwant."

"Alienda kuhakikisha shule ipo kweli. Watu wengi hudai shule ambazo hazipo. Alirudi akaniambia ipo, na ina bembea."

Nikamuuliza tufanye nini. Akasema ameagiza ofisi ya mkubwa ifunguliwe, imefunguliwa, faili haimo. Kwenye kitabu cha masijala imeandikwa kwamba ilipokelewa orofa ya pili. Baada ya hapo hakuna kitu.

"Je, nyinyi hamwezi kutengeneza ramani nyingine?"

"Kutoka wapi?" akasema, na akavaa miwani.

Nimetembea kutoka huko mpaka nikapotea, mimi niliyezaa na kulea Nairobi hii. Sijamwambia Muthama. Nitamwambia. Amenikuta nimekaa kwenye kitanda na koti bado limelowa, akanivua viatu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia. Amesema, "Basi." Neno hilo tu, halafu ametoka kwenda kazini kabla ya wakati wake.

Maureen naye nimemwambia. Alilia kwa simu. Wakili wake amejaribu kortini bila nakala, jaji ameuliza karatasi iko wapi.

Jumanne, 29 Aprili

Wamekuja na tingatinga. Wiki ya mwisho ya mwezi, vile Masila alivyosema. Mvua ilikuwa inanyesha. Wazazi walikuja, tukatoa viti, ubao, sufuria ya uji, masanduku ya vitabu. Balwant alifunga duka lake kabisa, akatoka na wafanyakazi wake wakabeba nasi. Alikuwa amejifunga mfuko wa plastiki juu ya kilemba, matope mpaka magotini. Mabati tuliyochanga sisi kina mama yalilia kama mbuzi. Bembea waliikanyaga wala hawakupunguza mwendo.

Mzazi mmoja, babake Mutheu, alipanda kwenye rundo la mbao akahutubia. "Tumshukuru Mwalimu," akasema, "ndiye aliyemnasa yule karani mwizi. Kama si yule mwizi kuficha faili, leo tungekuwa na shule yetu!"

Wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikafungua mdomo, na Mungu anajua nilitaka kusema. Nikaufunga. Naandika hapa kwa sababu hapo sikusema.

Jumatatu, 5 Mei

Shule zimefunguliwa. Balwant ametupa ghala lake la nyuma, bure. Amehamisha mifuko ya saruji upande mmoja, akapaka ukuta chokaa. Watoto wanapiga chafya. Baadhi hawajarudi.

Nimemuuliza waziwazi, maana nimechoka kuweka mambo: "Bwana Singh, ile rangi nyekundu walinunua kwako?"

"Ndiyo, nafikiri," akasema. "Kijana fulani alikuja Jumamosi ile kabla ya mawe, akanunua mkebe. Mwalimu, mimi nauza rangi. Nimwulize kila mtu anapaka nini?" Kisha akasema, "Yule mzee wa sweta aliniuliza swali hilo hilo. Nikamjibu hivi hivi. Akaniambia, basi ukimwona Mwalimu, mwambie awe na subira. Nikamwambia nikikwambia hivyo utasema mimi ndiye mwizi." Akacheka. Mimi sikucheka.

Jioni nimewaita wazazi ndani ya ghala nikawaambia yote. Barua, sanduku, Nanyama, yote. Babake Mutheu alitazama viatu vyake. Mama mmoja alimchukua mwanawe akaondoka bila kuaga. Maureen alikaa nami mpaka wengine walipokwisha kwenda.

Jumatano, 14 Mei

Nimepeleka barua nyingine, ya kufuta ile ya kwanza. Mkubwa amerudi likizo. Katibu wake amesema barua ya kwanza ilishapokelewa na kesi ya Masila ina tarehe, na kama nina la kusema, nitaitwa shahidi. Nikasema, ndiyo, niiteni. Nitasema.

Jumapili, 18 Mei

Mvua haijapumzika. Mchungaji hakunisimamisha.

Alhamisi, 29 Mei

Nimejitayarisha wiki mbili. Nimefanya mazoezi mbele ya Muthama, naye amenisikiliza yote, si nusu. "Sema polepole," akasema. "Na usipige kelele."

Chumba kilikuwa orofa ya pili. Meza ndefu, wakubwa kutoka ofisi nyingine, na mkubwa wetu pembeni, harufu yake ya sabuni. Nanyama hakuwepo. Wamemhamisha. Faili ya kesi ya Masila ilikuwa juu ya meza, safi, imefungwa kwa uzi. Hiyo walikuwa wameipata mara moja.

Mwenyekiti akaifungua, akanionyesha barua yangu.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, lakini naomba nieleze—"

"Utaeleza. Uliona faili ya umma ndani ya droo ya huyu karani, chini ya nguo?"

"Niliiona. Alikuwa anaiweka ili—"

"Na alikwambia haionekani?"

"Ndiyo, lakini bwana, alikuwa anailinda isiibwe na—" Hapo nikamtazama mkubwa, na wote wakatazama mahali nilipotazama, na mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, kuwa mwangalifu. Una ushahidi wa hilo? Una karatasi?"

Sina karatasi. Nina maneno ya Nanyama ambaye amehamishwa, na tarehe nilizoandika mwenyewe humu. Nikasema nilichonacho. Nilisema polepole, sikupiga kelele, na hakuna aliyeandika hata neno. Nilipomaliza, mwenyekiti alinishukuru, akasema barua yangu ilikuwa wazi sana na inatosha.

Masila alikuwa amekaa kwenye benchi huko nje, akingoja kuitwa. Amekonda. Sikuwa nimewahi kumwona bila kaunta katikati yetu. Nikakaa kando yake. Nikamwambia nisamehe. Nikasema tena. Alitingisha kichwa, lakini si vile mtu hutingisha akisamehe, ni vile mtu hutingisha akisikia.

"Watoto wako wapi sasa?" akauliza.

"Kwa ghala la Singh."

"Kuna mwanga?"

"Kidogo."

Kisha akanigeukia, akaniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu: "Mwalimu, nilikupa siku. Kwa nini hukungoja?"

Nilitafuta jibu zuri. Nimefundisha watoto miaka yote hii wasiseme uongo, na kulikuwa na jibu moja tu la kweli.

"Kwa sababu ulikataa pesa yangu," nikamwambia. "Ungechukua hata ya soda, ningekuamini."

Mlango ukafunguliwa, wakaita jina lake, akainuka akaingia.